Mvua Kwenye Kifundo cha Tatu

Wadogo zangu wa studio,

Siku mliponiaga kwa chai na maandazi, Neema alinivuta pembeni akanionyesha kitu kwenye kompyuta yake. Ni chombo cha kutengeneza sauti ambacho hakipo mezani wala kabatini, kipo ndani ya kioo tu. Visanduku vimepangwa kama madawati ya darasani, kila kimoja na matundu yake, naye anavuta waya wa rangi kutoka tundu hili mpaka lile kwa kidole. Waya zenyewe zinalegea katikati kama waya za kweli, ingawa hazina uzito wowote. Nilicheka. Aliyetengeneza kitu hicho, kama hakufanya kazi mahali kama petu, basi babu yake alifanya.

Halafu akanionyesha kisanduku cha kuhamisha kutoka sauti moja kwenda nyingine. Kina kifundo kimoja cha kuzungusha, na chini yake kitufe cha kuchagua: mstari ulionyooka, au mstari uliopinda. "Mama Subi," akaniuliza, "hivi hapa tofauti yake ni nini?" Nikamwambia achague uliopinda, chai inapoa.

Lilikuwa jibu sahihi, lakini fupi mno kwa swali lililonichukua ujana wangu wote. Nimekaa nyumbani sasa, mahindi yamekwisha kupaliliwa, na hakuna anayenigongea dirisha la studio kuniambia muda umekwisha. Nitalijibu vizuri. Na kwa kuwa wengi wenu mnadhani Subi ni mwanangu wa kumzaa, nitaeleza na hilo, maana mambo haya mawili kwangu hayatenganiki.

Nilizaliwa wa kwanza, nikaitwa Tumpe, katika nyumba ya dereva wa malori, Mnyakyusa aliyehamia Iringa kwa ajili ya kazi. Baba alifia barabarani, kwenye mteremko, mama akiwa mjamzito. Mama naye alimzaa Subi, akaugua, akafa arobaini haijaisha. Alichoniambia kilikuwa kifupi. Alisema, "Wasitawanyike." Wakati huo nilikuwa msichana ambaye bado sijaamua kama napenda hesabu au siipendi. Shule niliiacha wiki ile ile, na swali la hesabu likabaki hapo hapo.

Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Lusajo aliyekuwa darasa la pili, na Subi ambaye hakuwa amejua hata kushika kichwa chake. Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikuja kwenye msiba kutoka milima ya nyuma ya Mbeya. Alikuwa mkulima wa pareto na mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Matanga yalipoanuliwa, akamchukua Lusajo. Hakuwa na nia mbaya. Kwa desturi yetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, na hakuna anayeomba ruhusa kumchukua mtoto wake. Asubuhi ile Lusajo alikuwa anachota maji, adhuhuri alikuwa ndani ya gari. Ndoo aliiacha mlangoni ikiwa imejaa nusu.

Jirani yetu alikuwa Fundi Zakaria, Mbena wa Njombe, mtu mrefu, mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Mke wake, Mama Yustina, ndiye aliyetuletea uji msibani. Fundi Zakaria alifanya kazi kwenye studio ndogo ya kanisa, iliyokuwa ikirekodi kwaya, mahubiri na mafundisho ya kilimo, kisha kanda zinapelekwa kurushwa redioni. Alikuja akasimama mlangoni kwetu akasema studio inahitaji mtu wa kufagia na kurudisha kanda nyuma.

"Na mtoto je?" nikamuuliza, maana Subi alikuwa mgongoni.

"Analia?"

"Si sana."

"Basi tutaona."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Studio yenyewe ilikuwa stoo ya zamani. Ukutani tulitundika magunia na mablanketi ili sauti isirudi. Dirisha lilizibwa kwa godoro la sufi. Ndani kulikuwa na mashine mbili kubwa za kucheza kanda, ya tatu ya kurekodi, na mikisa, chombo cha kuchanganya sauti, ambayo Fundi Zakaria aliiunda mwenyewe kwa bati la debe: vifundo vinne, viwili vya maikrofoni na viwili vya mashine. Pembeni kulikuwa na ubao wenye matundu. Kila kitu ndani ya chumba kiliishia kwenye tundu la ubao ule, na kazi ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa kujua waya upi utoke wapi uingie wapi. Ukikosea, mzee wa kanisa anahubiri dakika ishirini na mashine inarekodi tundu tupu. Ukikosea zaidi, ukairudisha sauti ya mashine ndani ya mashine ile ile, inapiga yowe utadhani umemkanyaga paka mkia. Neema aliniambia kwenye kompyuta yake watu hufanya hivyo kwa makusudi na wanaliita muziki. Sibishani na vijana.

Iringa ni baridi, na mwezi wa saba stoo ile ilikuwa kama kisima. Kitu pekee chenye joto kilikuwa amplifaya ya valvu, kikuza sauti chenye taa za kioo zinazopata moto. Fundi Zakaria alichukua sanduku lililoletea kanda, akatandika blanketi, akaliweka kando ya amplifaya, si karibu sana, akapima joto kwa kiganja kama mtu anayepima maji ya kuogea. Subi alilala humo. Ile amplifaya ilikuwa ina mlio wake wa chini, mmmm, usiokoma, na mtoto akauzoea mpaka nyumbani usiku hakulala bila mlio. Ilibidi mtu akae karibu naye akiiga amplifaya. Nimefanya kazi nyingi za sauti maishani, hiyo ndiyo iliyonichosha koo.

Alipoanza kutembea, tulimfundisha taa. Taa nyekundu juu ya mlango ikiwaka, hakuna kusema. Alishika haraka kuliko wahubiri. Hata tulipopita kwenye kilabu cha pombe kilichokuwa na taa nyekundu mlangoni, Subi alifunga mdomo kwa mikono miwili mpaka tukavuka, na walevi wakamsifu kwa adabu.

Sasa nije kwenye swali. Kipindi cha redio hakiendi kwa kukatwakatwa tu. Wimbo unatakiwa ufifie huku maneno yakiingia, au kwaya hii iishe ndani ya mwanzo wa ile. Kwa wembe na gundi unaweza kuunganisha kanda, kichwa kwa mkia, na kwa neno na neno inafaa sana. Lakini kwa wimbo, msikilizaji anashtuka. Kwa hiyo unaweka wimbo wa kwanza kwenye mashine ya kwanza, wa pili kwenye ya pili, mkono wa kushoto unashusha na wa kulia unapandisha, na mashine ya tatu inarekodi mchanganyiko. Fundi Zakaria aliita kazi hiyo kupokezana.

Nilidhani nimeelewa. Nikashusha wa kwanza na kupandisha wa pili kwa mwendo mmoja, sawasawa, kama mizani. Tukasikiliza. Katikati pale, vifundo vyote viwili vilipokuwa nusu, palikuwa na shimo. Sauti ilizama kisha ikaibuka. Nikarudia, shimo lipo. Nikarudia haraka, shimo likawa fupi lakini lipo. Fundi Zakaria alijaribu kunieleza kwa penseli kwa nini nusu na nusu masikioni haifanyi moja, akaona uso wangu, akaweka penseli.

Adhuhuri Mama Yustina alikuja kama kawaida kumchukua Subi ampe uji. Subi alikuwa amesinzia mgongoni kwangu. Nikainama, Mama Yustina akaweka mgongo wake karibu na wangu, tukamhamisha, akajifunga mbeleko, akaenda zake. Niliporudi mezani Fundi Zakaria alikuwa ananitazama.

"Umeona ulivyofanya?"

"Nimefanya nini, Mzee?"

"Hukuachia. Mke wangu alikuwa amekwisha mbeba na wewe bado umeshika ncha ya mbeleko. Uliachia alipomaliza kufunga." Akanisogezea vifundo. "Haya. Wa pili mpandishe mpaka awe amebebwa kweli. Ndipo umwachie wa kwanza, taratibu."

Nikafanya hivyo. Shimo halikuwepo.

Huo ndio mstari uliopinda, Neema. Kwa muda mfupi katikati sauti zote mbili zinabeba zaidi ya nusu yake. Ukitaka usawa wa mizani utapata shimo.

Lusajo hakukaa Mbeya. Alikataa kula, akakataa kuimba, na siku moja alishuka mwenyewe mpaka barabara kuu, akapanda lori la mchele lililokuwa linakwenda Iringa, kwa dereva aliyemjua baba yetu. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo ileile mlangoni, amejaa vumbi la pumba, nikamwosha bila kumuuliza. Baba Mkubwa alifika baada yake na gunia la maharage. Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye alimshika Lusajo kichwa, akanywa chai, akasema, "Nilitaka tu kujua kama amefika." Maharage yale tulikula mpaka Pasaka.

Kwa hiyo Baba Mkubwa hakuwa adui yangu, na hilo ndilo lililofanya yaliyofuata kuwa magumu.

Subi alikuwa na miaka minne, masika yakiwa yamekolea, studio ilipotutuma milimani Mbeya kurekodi kwaya ya Baba Mkubwa. Wakati huo nilikuwa nimekwisha acha ufagio. Lusajo alibaki kwa Mama Yustina kwa sababu ya shule. Subi nilikwenda naye, maana sikuwa nimewahi kulala pasipo yeye. Tulipakia mashine ndogo ya safari, jenereta, na maikrofoni zilizofungwa kwenye kanga kama watoto wachanga.

Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, alitupokea. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa amezika watoto wote aliowazaa. Hatukuwahi kulizungumza hilo nyumbani. Alimsalimia Subi kwa Kinyakyusa "Ugonile," Subi akajificha nyuma yangu, na kufikia jioni alikuwa jikoni kwake akichambua maharage na kuimba mambo yasiyoeleweka.

Jenereta tuliifunga nyuma ya kanisa, mbali, na waya mrefu. Kwaya ikasimama. Baba Mkubwa alipiga uma wake wa kupimia sauti kwenye goti, akawapa noti, wakaanza. Mnisamehe, nimesikiliza kwaya maisha yangu yote, lakini wale walikuwa na sauti ya nne ambayo unaisikia tumboni. Wimbo ulikuwa mrefu, wa beti nyingi. Katikati ya wimbo mvua ikaanza juu ya mabati. Kwanza tone moja moja, kisha ikamwagika. Wakaendelea kuimba. Baada ya ubeti mwingine mshale wa mita ya sauti ulikuwa unapima mvua tu, na Fundi Zakaria akainua mkono.

Tukakubaliana nusu iliyobaki tuirekodi asubuhi. Lakini kabla hatujazima, Fundi Zakaria aliomba kile alichoomba siku zote, kila mahali, baada ya kila kurekodi: watu wote wanyamaze, mashine iendelee. Aliita kurekodi kimya. Kila chumba kina kimya chake, alisema, na siku utakapotaka kuziba mahali kwenye kanda, utahitaji kimya cha chumba kile, si cha chumba kingine. Ila aliwaambia kwa maneno yake machache, "Tunyamaze kidogo sote," na waimbaji wakaelewa kwamba tunasali. Wakainamisha vichwa. Wazee wakafumba macho. Mvua ikapiga mabati muda mrefu, sisi tukatazama kanda ikizunguka, na mwisho Baba Mkubwa akasema kwa sauti nzito, "Amina," kwaya nzima ikaitikia. Kila kanda tuliyorekodi makanisani miaka ile ina amina mwishoni mwa kimya. Hatukuwahi kuwasahihisha. Ilikuwa sala nzuri kuliko nyingi.

Jioni hiyo, baada ya chakula, Baba Mkubwa alisema lililokuwa moyoni mwake. Mama Mkubwa alikuwa amekaa karibu na moto, Subi amelala mapajani pake.

"Tumpe, mwanangu. Nyumba yangu ina kimya. Nipe Subi."

Nilikuwa nimelitarajia neno hilo tangu siku ya ndoo. Nikamwambia mama aliniachia agizo, wasitawanyike.

"Mimi ni kutawanyika?" akauliza. Hakuwa amekasirika. "Mimi ni baba yenu."

"Lusajo ulimchukua, Baba Mkubwa."

"Lusajo nilikosea. Nilimchukua kama mtu anayeng'oa muhogo." Akasukuma kuni motoni. "Lakini wewe unamlea mtoto ndani ya sanduku, kwenye chumba kisichoruhusu kucheka. Anakohoa. Nimemsikia."

Alikuwa anakohoa kweli. Stoo yetu ilikuwa na unyevu, na amplifaya ilimpasha joto upande mmoja tu. Nililijua hilo kabla yake. Nikasema hapana. Nilisema kwa heshima, lakini nilisema, na Mama Mkubwa hakuinua macho yake kutoka kwenye moto. Asubuhi kulikuwa kukavu, kwaya ikamaliza beti zake kwa noti ile ile ya uma, tukafunga waya tukaondoka. Subi alilia kuanzia Mbeya mpaka Chimala.

Iringa tulikuwa na tatizo la kazi. Nusu ya wimbo ilikuwa na mvua kubwa, nusu ilikuwa kavu kabisa. Ukiziunga kwa wembe, mvua inakatika kama bomba lililofungwa, na msikilizaji hata kama ni mkulima wa Ludewa anajua hakuna mvua inayofanya hivyo. Ukizipokezanisha, bado mvua inatoweka ndani ya mstari mmoja wa ubeti. Fundi Zakaria akasema, "Mvua tunayo. Tuiache inyeshe mpaka ichoke." Yaani tuchukue kile kimya tulichorekodi, kilichokuwa mvua tupu, tukiweke chini ya nusu ya pili, kisha tukishushe polepole ubeti kwa ubeti.

Lakini hiyo ilikuwa sauti ya tatu, na mashine za kucheza zilikuwa mbili. Tukachukua mashine ndogo ya safari tuichomeke kwenye kifundo cha maikrofoni. Tundu la maikrofoni limezoea mnong'ono, ukilipa sauti ya mashine linakoroma. Fundi Zakaria akayeyusha risasi ya kuungia waya asubuhi nzima akatengeneza kijisanduku cha kupunguza nguvu, kikawekwa katikati ya waya. Hivyo nikawa na vifundo vitatu na mikono miwili. Alinipa mvua niisikilize kwanza peke yake, kwa hedifoni, nijue ina urefu gani na ina kelele zipi.

Nikasikiliza. Mvua, mabati, mtu anajikuna. Kisha, kwa mbali, kwa sababu kanisani hakukuwa na taa nyekundu, sauti ya Subi.

"Mama, mvua inalala wapi?"

Nilijua hakuwa akinisemesha mimi. Wakati ule nilikuwa nimesimama kwenye mashine, yeye alikuwa benchi la nyuma na Mama Mkubwa.

"Milimani, mama," Mama Mkubwa akamjibu kwa mnong'ono. "Nyamaza, wanasali."

"Na wewe unalala wapi?"

"Mimi nalala na wewe."

Kisha mvua, kisha amina.

Nikarudisha kanda nyuma nikasikiliza tena. Usiku wote wa Mbeya Subi hakuwa ameniita. Nilikuwa nimelala upande wa pili wa ukuta nikidhani ni uchovu wa safari. Nilivua hedifoni nikampa Fundi Zakaria, akasikiliza, akaziweka mezani kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kumwagika. Akachukua wembe akaniuliza kama akate kipande kile, maana si kisafi, kwenye mvua hakutakiwi mtu.

"Kiache," nikasema.

"Kitasikika."

"Chini ya kwaya? Atasikia anayemjua tu."

Akarudisha wembe. Halafu akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. "Tumpe, mimi sina shauri juu ya mtoto wa watu. Ila wewe fundi wa kupokezana, unajua mwenyewe sauti ya pili ikiwa imekwisha panda. Mkono wa kwanza ukikataa kushuka, zinakuwa mbili zinazogombana. Na ukishuka ghafla, ndiyo lile shimo la Lusajo."

Tulichanganya siku ile ile. Mkono wa kushoto ukaachia kwaya ya jioni, wa kulia ukachukua ya asubuhi, na Fundi Zakaria mwenyewe akakaa kwenye kifundo cha mvua, akaishusha kwa beti zilizobaki mpaka ikawa matone, mpaka ikawa hakuna. Nimefanya kazi nyingi baada ya hiyo. Hakuna iliyotoka vizuri namna ile.

Wimbo ulirushwa redioni. Baada ya mavuno Baba Mkubwa na Mama Mkubwa wakaja Iringa, na maharage, wakaingia studio kwa mara ya kwanza. Baada ya salamu, kamwene nyingi za Fundi Zakaria na ugonile zetu, Baba Mkubwa akatoa hukumu yake.

"Mvua yenu ni ya uongo. Ile haikukatika mpaka alfajiri."

"Ungependa tuikate palepale?" Fundi Zakaria akauliza.

Baba Mkubwa akafikiri kama mwalimu wa kwaya. "Hapana," akasema. "Watu wasingeamini."

Mama Mkubwa aliomba asikilize tena. Nikampigia kanda. Alisogea, akapiga magoti mbele ya spika, akaweka sikio. Ulipofika ubeti wenye sauti ya Subi aliziba mdomo kwa kanga. Redioni alidhani amesikia kwa hamu yake mwenyewe. Sasa alijua ni kweli.

Nilizima mashine. Nikamwambia, na nilikuwa nimeyapanga maneno tangu masika, "Mama Mkubwa, sitakupa mtoto kwa wembe. Kaa hapa kwetu baridi yote hii. Ukae mpaka yeye mwenyewe awe amehamia kwako na mimi bado nimeshika. Ndipo nitaachia."

Alinishika mkono. Aliyejibu ni Baba Mkubwa.

"Na mimi nitapikiwa na nani?"

Fundi Zakaria alicheka mpaka akatoka nje. Mama Mkubwa alibaki, mumewe akarudi Mbeya peke yake, na madereva waliotoka huko walituletea habari kwamba mwalimu wa kwaya anajifunza kusonga ugali na kwamba ugali wenyewe unavutika.

Baridi ile tulikuwa mama wawili katika chumba kimoja. Haikuwa tamu kila siku. Kuna asubuhi Subi alinipita na kiatu chake kisichofungwa kamba, akaenda kwa Mama Mkubwa, nami nikageuka nikasugua sufuria lililokuwa safi. Lakini kikohozi kilipona, na kicheko kikapata mahali pa kukaa. Lusajo alimsoma Mama Mkubwa taratibu kutoka mbali, na kabla ya msimu kwisha alikuwa anamchotea maji bila kutumwa. Likizo zote baada ya hapo alikwenda Mbeya kwa hiari yake, kwa lori, akirudi na stori za madereva. Leo naye ana malori.

Subi alisomea huko milimani. Kila mwisho wa muhula alikuja kwangu, na kila nilipotumwa kurekodi upande wa Mbeya nililala kwake. Alituita wote wawili Mama, wa Mbeya na wa Iringa, na hakuchanganya hata siku moja. Nilikuwa nimedhani neno la mama yangu lilikuwa juu ya paa moja. Sidhani hivyo tena.

Fundi Zakaria amelala kaburini Njombe siku nyingi sasa. Kijisanduku chake cha kupunguza nguvu kipo kwenye droo ya chini, karibu na dirisha. Msikitupe, bado kinafanya kazi.

Limebaki la stendi. Ilikuwa mwisho wa baridi ile, kabla ya kupanda, mvua za kwanza zilipokuwa zinanukia, na shamba lilimwita Mama Mkubwa. Basi la Mbeya liliondoka alfajiri. Subi alikuwa mkubwa mno kubebwa, lakini alikuwa usingizini, hivyo nilimbeba mgongoni kutoka nyumbani, Lusajo akiwa na mizigo, Fundi Zakaria na Mama Yustina nyuma yetu na kandili. Injini ya basi ilikuwa inanguruma kwa chini, mmmm, na nikafikiri, vizuri, atalala.

Mama Mkubwa aligeuka, nikainama, migongo yetu ikakutana. Uzito ukaanza kuondoka kwangu, si wote. Akavuta mbeleko upande wake, akapitisha juu ya bega, akafunga fundo la kwanza, akatikisa kidogo kumweka sawa, akafunga la pili. Nilikuwa bado nimeshika ncha. Nilimsikia Fundi Zakaria akishusha pumzi.

Nikaachia.

Subi hakuamka.